Dole Gumba Chini ya Mbega

Lushoto, 4 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na mvua za kwenu Bungu hazijabomoa tena ile njia ya kisimani. Sisi huku wazima. Baba amemuuza yule ndama mwekundu na sasa anajuta. Kila asubuhi anakwenda kusimama mbele ya zizi tupu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mama anakumbusha mbegu za maharage. Umpe Mussa wa gari la kabichi, ndiye atakayekukabidhi barua hii. Nimemsihi akupe wewe mwenyewe mkononi. Si kwamba simwamini binti yako Glory, ila tangu masikio yako yazibe, simu yako anaishika na kuijibu yeye, nami nina jambo nataka tulijue wawili.

Mwezi huu natimiza miezi mitano ya ukarani katika kiwanda cha wanyama wa udongo, kilekile ulichofanyia kazi ukiwa msichana. Kazi ni nzuri. Naandika namba ya kila mnyama, namwekea cheti kwenye boksi, najibu barua za wakusanyaji. Huwezi kuamini, Shangazi: kuna watu Dar es Salaam na Ulaya wanaowakusanya hawa wanyama wetu kama wengine wanavyokusanya stempu. Mtu ana kinyonga wa mwaka 1989, halali mpaka apate wa mwaka 1990. Sasa chama chao kinataka historia ya kiwanda, kurasa nne, wachape kitabu. Bosi wangu Edward, mtoto wa marehemu Mzee Yonathani mwanzilishi, amenipa mimi niiandike.

Nimeandika hivi: Mzee Yonathani alianza mwaka 1986 na vyungu na majiko, hakuna aliyenunua. Mwaka 1988 mgeni mmoja aliona juu ya dirisha mbega mdogo ambaye mfinyanzi mmoja alimfinyanga kwa ajili ya mtoto wake. Akamnunua mbega, akaacha vyungu vyote. Tangu siku hiyo kiwanda kikawa cha wanyama: mbega, bundi, komba, kinyonga mwenye pembe.

Nimekwama mahali pamoja. Wanyama wa 1988 hadi 1991, ukiwageuza, chini ya tumbo wana alama ya dole gumba lenye kovu la kukatisha. Baada ya 1991 alama haipo. Wakusanyaji wanauliza ni dole la nani. Edward anasema, "Andika la baba, yaishe." Lakini picha ya mzee ipo ukutani, mikono yake ilikuwa kama majembe. Nimejaribu kuweka dole langu katika ile alama. Halikuingia, Shangazi. Ni dole dogo.

Wewe ulikuwapo. Ni la nani?

Mwanao,
Januari


Bungu, 21 Machi 2024

Mwanangu Januari,

Marahaba. Barua nimeipata, imenuka kabichi. Magoti ni yaleyale. Glory amepata mchumba, mwalimu kutoka Tanga, anakula kama hajawahi kuona chakula. Nimempikia bada, ugali wetu wa muhogo, akauliza kama ni dawa. Mwambie baba yako asiponunua ndama mwingine ataanza kulia yeye. Mbegu hizi hapa, zipandwe kabla ya wiki ya pili ya mwezi ujao.

Kuhusu dole, sijui. Tulikuwa wanawake saba pale, madole gumba kumi na manne. Nani aliyakagua? Andika bosi wako anavyotaka. Mshahara ni wake, na aliyekufa hana kesi na dole lake.

Nimefurahi umepata kazi ya kukaa kivulini. Ufanye hiyo ya kivulini. Na lile shimo la zamani, kama bado limeota miiba, liache na miiba yake.

Salamu kwa wote.

Shangazi yako,
Scholastica


Lushoto, 9 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Maharage yamepandwa. Mama anashukuru, anasema mwalimu huyo aletwe huku tumfundishe kula bada. Baba ana kikohozi kidogo.

Nisamehe kwa haya ninayoandika. Nimeisoma barua yako mara nyingi, maana nina tabia hiyo ya kusoma kitu mpaka kichakae, na kila nikifika kwenye shimo nasimama. Mimi sikukuuliza habari za shimo. Sikuwa najua kama lipo.

Nikamuuliza Mama Eliza, yule mzee anayechochea tanuri, ambaye ulifanya naye kazi. Akafuta mikono kwenye kanga muda mrefu, ikaonekana kama hataki imalizike kukauka. Akaniambia kwamba zamani udongo mweupe ulitoka ng'ambo ya bonde, ndani ya msitu, na kwamba wachimbaji walikuwa wanawake tu. Mwanamume hakusogelea, hata mwenye kiwanda. Mmoja anaingia ndani, mwenzake anakaa ukingoni, na wanaitana majina kutwa nzima. Wa ndani akiita, wa juu anaitika. Wa juu akiita, wa ndani anaitika. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Ili udongo ujue kuna watu." Nikauliza kwa nini liliachwa. Akasema kuni zimeungua, akainuka. Kuni zilikuwa hazijaungua.

Nami nikafanya kosa la kumtajia Edward, kwa kujionyesha kwamba nafanya utafiti. Akaruka. "Udongo mweupe! Wakusanyaji wanaulilia huo! Nenda kapige picha." Nikamwambia kwamba pale si pa wanaume. Akacheka mpaka akakohoa. "Mgosi, una diploma nzima unaogopa shimo? Ungesomea upadri basi."

Nimekwenda Jumamosi ya tarehe thelathini, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Miiba ipo, nimeikata. Shimo ni kama mdomo uliofumbwa vibaya: upande mmoja udongo umeporomoka wote, juu yake mimea imeota. Kimya kilikuwa kingi. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Sasa, unajua nilivyolelewa. Nilisimama pale na kamera, nikaona haya kuingia bila kusema kitu, na mdomo wangu wenyewe ukasema, "Hodi."

Usinicheke. Nilipiga hodi.

Bonge la udongo likadondoka ndani. Nikangoja. Likadondoka la pili, kisha yakamwagika madogomadogo, vile mtu anavyokung'uta mikono baada ya kazi. Sikupiga picha. Nimekimbia mpaka barabarani, kiatu kimoja nimekiacha kwenye miiba.

Tangu siku hiyo tanuri limetoa wanyama mara tatu na mara zote wamepasuka tumboni. Mama Eliza ananitazama tu. Na stoo nakaa na mbega sitini wanaokauka, wote wananiangalia. Jana niliwageuza wakaelekea ukutani. Leo nimefika, wamenigeukia. Nilipiga kelele. Kumbe ni Mama Eliza. Anasema mnyama akikauka ameelekea ukuta anapinda shingo. Nimecheka na wenzangu, lakini mlango wa stoo sikuufunga tena.

Shangazi, ni nani niliyempigia hodi?

Januari


Bungu, 14 Aprili 2024

Januari,

Usirudi huko. Usimpeleke mtu. Usiulize tena, wala mimi, wala Eliza.

Baba yako anywe tangawizi.

Scholastica


Lushoto, 27 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Mussa anasema alikupa zote mkononi na kwamba uliziweka mfukoni bila kuzifungua. Baba amepona. Ndama mwingine amenunuliwa, mweusi, ana kiburi. Kwa hiyo nyumbani ni kuzuri, hofu ninayo mimi tu.

Najua ulinikataza. Mimi ni mtu wa kutii, unanifahamu, lakini sasa jambo limenitoka mikononi. Edward amekwenda mwenyewe kuchukua udongo wa pale kwenye ndoo. Ameupima, ameupenda. Ameniambia amepata kibali cha kuchimba na amekodi mtambo. Utakuja Jumatatu tarehe nane Julai, njia ikishakauka.

Mama Eliza aliposikia alikaa chini palepale kwenye majivu. Akasema jina moja, Mosi, halafu akaziba mdomo. Nimembembeleza siku mbili. Alichonipa ni hiki: Mosi ndiye alikuwa fundi wa kufinyanga vielelezo, kalibu zote za kwanza, yale maumbo ya kushindilia udongo, zilitoka kwenye kazi ya mikono yake, na dole ni lake. Mwaka 1991 akakimbia na dereva wa lori la mbao la Shume, akamwacha mume na mtoto wa miaka minne. "Ndivyo ilivyosemwa," akaniambia. Hakusema ndivyo ilivyokuwa.

Huyo mtoto yupo. Anaitwa Shadya, anauza mboga sokoni Soni, na mimi nimenunua karoti kwake mara ngapi bila kujua. Nilikwenda Jumapili. Nikajidai naandika historia, nikamuuliza kuhusu mama yake. Akaendelea kumenya majani ya kabichi. "Mama yangu? Alipanda juu ya mbao akaenda. Nafasi ya mtu hujazwa, karani. Wewe nunua karoti." Wenzake wakacheka. Alicheka nao, lakini alinirudishia chenji pungufu, na yeye hakosei chenji.

Shangazi, hata mtu aliyekimbia ana dole lake. Ningeweza kuandika tu: alama hii ni ya Mosi, mfinyanzi, aliyeondoka 1991. Hakuna dhambi hapo. Kwa nini basi wewe unanyamaza, na Mama Eliza anakaa kwenye majivu?

Kama ndani ya shimo hakuna kitu, niambie hakuna, nilale. Kama kipo, mtambo unakuja.

Januari


Bungu, 12 Juni 2024

Mwanangu Januari,

Sisi wazima. Glory ameposwa, harusi baada ya mavuno. Hayo ndiyo ya nyumbani, yameisha.

Mosi hakukimbia.

Tulikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Tulichimba pamoja miaka mitatu, yeye ndani kwa kuwa alikuwa mwembamba, mimi ukingoni. Kovu la dole alijikata na panga tukikata majani ya mbuzi, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Yule mbega wa kwanza alimfinyanga kwa ajili ya Shadya. Mambo yalipoanza kwenda, Mzee Yonathani akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mnyama atawekwa dole la Mosi, ndiyo mhuri wa kiwanda. Dole la Mosi, siyo letu. Kinyonga mwenye pembe nilimbuni mimi. Ukimgeuza utakuta dole lake, si langu.

Siku ya mwisho, mwaka 1991, tuligombana njiani. Nilimwambia maneno. Naye akacheka, alikuwa mtu wa kucheka, nikaona ananidharau. Tukafika, akaingia. Nikakaa ukingoni, nikaapa moyoni kwamba leo sifungui mdomo kwanza. Aniombe radhi.

Akaniita. Sikuitika.

Unajua kazi ya wa juu ni nini? Eliza amekudanganya, au amekuhurumia. Si ili udongo ujue kuna watu. Wa ndani haoni ukuta ulio mgongoni mwake. Wa juu anauona. Ukianza kutoa vumbi anaita "Toka," na kwa kuwa wamekuwa wakiitana kutwa, mwenzake anaijua sauti hiyo na anaruka bila kuuliza.

Niliona vumbi, Januari. Linatiririka kama unga kwenye ungo. Nikasema moyoni, akiona sijibu atatoka mwenyewe. Kiapo changu kilikuwa bado kinanipendeza. Nilipofungua mdomo hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

Tulichimba kwa mikono, mimi na Eliza na wengine, na kila tulipotoa udongo uliporomoka mwingine. Kesho yake Mzee Yonathani akaja, mwanamume wa kwanza kukanyaga pale. Ulikuwa msitu wa serikali, hatukuwa na ruhusa. Akasema tutafungwa wote, mimi wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa ukingoni. Yeye ndiye aliyetunga ile hadithi ya lori. Sisi tulinyamaza tu. Kunyamaza nilikuwa nimeshazoea.

Khalfani mume wake alimtafuta Shume siku tisa, kiwanda kimoja cha mbao hadi kingine. Aliporudi alipitia kwangu kuuliza kama mkewe aliwahi kumtaja mwanamume. Nilimpikia, akala, nikamwambia sijui. Mwezi wa pili baada ya hapo nikakubali posa ya kwanza iliyokuja, ndiyo nikaletwa Bungu.

Sasa umejua. Mwombe Edward aache. Mwambie pana mizimu, mwambie unachotaka. Lakini Shadya usimwambie mpaka nife. Sina miaka mingi. Hilo tu nakuomba, na mimi ndiye niliyekulipia ada ya kidato cha tano.

Scholastica


Lushoto, 3 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka, kwa sababu atakayekuletea barua hii amesimama mlangoni.

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Nataka ujue kwamba nilijaribu kukutii. Nilikwenda kwa Edward, nikamwambia pana mtu ndani ya shimo. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akauliza, "Baba alijua?" Nikasema ndiyo. Akaitazama ile picha ukutani, akaifuta vumbi na kiganja, kisha akasema mtambo umeshalipiwa, na kwamba miaka thelathini na tatu ni mingi, kitakachotoka ni udongo tu. "Na wewe hukuniambia kitu, mgosi. Kaandike historia."

Nikarudi mezani nikaandika. Dole hili ni la mwanzilishi. Nilivyoandika vizuri, Shangazi! Mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo, na hapo ndipo nilipojiogopa kuliko nilivyoliogopa shimo. Nilijiona naweza. Ningeandika hivyo, ningepata mshahara, na Jumatatu mtambo ungemchota mama wa mtu, ukampeleka kwenye kalibu. Wangetengenezwa mbega. Mimi ndiye ningewapa namba.

Sikumaliza ukurasa. Leo asubuhi nimeteremka Soni. Shadya ananiona, anasema, "Karani wa wanyama, leo unanunua au unahoji?" Nilikuwa nimeandaa maneno yote, yakakauka. Nikampa barua yako.

Aliisoma amesimama. Mteja akauliza karoti bei gani, akamjibu mia tano fungu, bila kuinua macho, akaendelea. Alipofika mwisho akarudia mwanzo. Halafu akaikunja, akauliza nani mwingine ameisoma. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Baba yangu amekufa anamlaani. Alipokata roho alikuwa anamlaani, nami nikaitikia amina."

Nikaomba samahani, sijui kwa niaba ya nani. Akaniambia ninyamaze, nisiwe kama shangazi yangu, halafu akaona kosa la maneno yake akacheka, kicheko kibaya. Akafunika mboga na turubai. Akauliza gari la Bungu linaondoka saa ngapi.

Nimevunja ulichoniomba, na ada uliyonilipia ninaikumbuka. Unaweza kuniita mwana asiye na shukrani mbele ya baba. Lakini sikuweza kungoja ufe, mtambo haungoji.

Kazi nafikiri sina tena. Nitakuwa ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji kila siku mpaka Jumatatu, nikimwomba azuie mtambo, na nikiogopa.

Januari


Bungu, 5 Julai 2024

Januari, baba yangu,

Alifika jana mchana. Nilikuwa nachambua mchele uani, sikumsikia, nikaona tu kivuli juu ya ungo. Nilipoinua uso nilifikiri akili zimeniruka, maana ni Mosi mtupu, hata namna ya kusimama na uzito kwenye mguu mmoja. Akanisalimu. Niliona midomo ikisema shikamoo. Mtoto amelelewa vizuri na watu ambao si mimi.

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Alikaa kwenye kigoda, akachukua daftari la Glory akawa ananiandikia maswali, nami namjibu kwa mdomo. Aliuliza kila kitu: saa ngapi, nguo gani, alikula nini asubuhi. Nilijibu yote. Aliuliza kama nilikuwa nakwenda kumwona yeye, Shadya, alipokuwa mdogo. Nikamwambia mara moja, nilisimama ng'ambo ya barabara, akiwa na sare ya shule imemzidi, nikageuka.

Mwisho akaandika: mama alisema nini kabla?

Januari, nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nimekaa nao miaka yote hii kwa siku hii. Nilitaka kumwambia kwamba alimtaja yeye, kwamba alisema Shadya wangu. Nani angenipinga? Mdomo ulishafunguka. Nikamwona ameshika kalamu, anangoja kuuandika.

Nikamwambia kweli. Aliita jina langu mara nne. Ya kwanza ya kawaida, ya pili kwa nguvu. Ya tatu kwa kubembeleza. Na mara ya nne alikuwa anacheka, kwa sababu alijua nimenuna, na alijua nitaitika.

Shadya ameandika hivyo, yote, kwa mwandiko wa polepole. Kisha akafunga daftari. Hajaniambia amenisamehe na sitamuuliza.

Barua hii inatangulia leo na basi. Kesho Jumamosi tunapanda naye gari la Mussa. Mwambie mwenyekiti aite watu, na Edward awepo, na shehe, maana Mosi alikuwa anaswali. Nitasema yote mbele yao, na kama kuna polisi waje, nimefungasha nguo. Halafu nitawaonyesha mahali. Wanaume wakatafute mtambo wao kwingine. Kuchimba tutachimba wanawake, kwa mikono, na ukingoni atakaa Shadya.

Mimi nitaingia ndani.

Shangazi yako,
Scholastica